Viputo viacheni humo humo kwenye barafu

Wadau wa picha hapa Dar, hii ya kugandisha maua kwenye barafu halafu unayapiga kwa lenzi ya makro, ile ya kupiga vitu vidogo kwa karibu kabisa, naipenda kupita maelezo, ila kuna kitu kinanikera, kila anayeanza anahangaika apate barafu angavu kama kioo, anachemsha maji mara mbili, anafunika kontena, yote ili viputo vya hewa visionekane. Mi nasema viputo ndo picha yenyewe.

Maji yakiganda, hewa iliyokuwemo ndani inakosa pa kukaa, inasukumwa kuelekea sehemu ambayo bado ni maji, ndo unakuta vile vimichirizi vyeupe vyembamba kama sindano vimelizunguka ua. Chukua bogenvilia ya zambarau, hizi zilizojaa kwenye kuta za Mikocheni na Msasani, igandishe kwenye kibakuli kisha sogea mpaka lenzi ikaribie kugusa. Utaona lile jani la rangi ambalo wengi tunaliita ua, mishipa yote imejichora, na katikati ndo kuna kaua kenyewe, kadogo, keupe, kameng'ang'aniwa na kiputo. Ondoa hicho kiputo uone kama picha bado ina uhai.

Najua mtanitajia Azuma Makoto, msanii wa maua wa Japani, aliyegandisha mashada mazima kwenye mabonge makubwa ya barafu mwaka 2015. Yale ni mazuri sana, ila yanatazamwa umesimama pembeni, makro inataka kitu cha kuchunguza.

Ua linaelea, kwa hiyo gandisha maji nusu kwanza, lipange, ongeza maji kidogo lishike, ndo ujaze, na usitumie chupa ya kioo maana maji yakiganda yanatanuka kama asilimia 9 hivi, itapasuka. Mwanga upige kwa nyuma. Na joto letu jamani msililalamikie! Barafu ikitoka kwenye friza inakuwa na ukungu mweupe juu, subiri dakika chache ianze kutoa jasho, uso unang'aa wenyewe, hapo hapo piga, piga nyingi, maana kwa makro sehemu inayotoka wazi kwenye fokasi ni milimita tu na barafu haikusubiri. Kamera nayo isitoke kwenye chumba cha AC muda huo huo, lenzi itajaa mvuke.

Mwenye friza na tochi ya simu aanze na bogenvilia, asmini ifuate, waridi la dukani liache kwanza.