Tuuzieni Chumba Kimoja na Msingi

Dalali mmoja kanitumia video ya nyumba ya Kianga, hapa Unguja. Vyumba vitatu, kimoja kina choo ndani, geti jeusi, taa za dari zinazobadilika rangi, na sauti yake kwa nyuma: "Dada, hii bei ya kutupa. Dola elfu arobaini na tano, na mwenyewe ana haraka."

Bei ya kutupa! Mimi mwalimu, mshahara wangu laki saba na kidogo. Dola 45,000 ni zaidi ya shilingi milioni 110. Nisile, nisilipe kodi, nisichangie harusi wala msiba, mtoto asiugue, nisinunue hata doti moja ya kanga, basi baada ya miaka kama 13 hivi nitaweza kumpigia simu huyo mwenyewe mwenye haraka. Inshaallah atakuwa bado yupo.

Na dola ya nini hasa? Nyumba iko Kianga, anayeiuza ni mtu wa Jang'ombe, anayetafuta ni mimi, mtu wa Wete, Pemba, na dalali mwenyewe nina shaka kama dola ameishika mkononi. Mwaka 2025 zilitoka kanuni zinazokataza kutangaza na kulipia bidhaa na huduma za ndani kwa fedha za kigeni. Nikamkumbusha. Akanirudishia vikaragosi vya kucheka.

Msidhani nimekuja kuilaani Fumba, huko kunakojengwa miji mipya ya kuuzia wageni na wenye nazo. Majumba ya Fumba na Nyamanzi sijawahi kudhani yamejengwa kwa ajili yangu. Mgeni anayenunua huko nyumba ya kuanzia dola 100,000 anapata na kibali cha ukaazi; mimi kibali cha kukaa Zanzibar nilipewa na mama yangu, bure, pale hospitali ya Wete. Wapo vijana wetu waliopata kazi kule ya kupaka rangi na kutandika marumaru, haya, nimekubali. Lakini bei ya Fumba haikai Fumba. Inatembea. Imefika Kombeni, imefika Maungani, imepanda mpaka Kwarara, na mtu mwenye banda halijapauliwa, limeota majani hadi dirishani, anakutajia bei kana kwamba na yeye ana ufukwe.

Hilo la bei tumeshalizoea. Kinachonichoma ni kwamba katika soko lote hili hakuna mtu anayeuza kitu kidogo. Ama ununue nyumba nzima, vyumba vitatu, sebule, baraza na marumaru, kwa pesa za watu wa mafuta. Ama ununue kiwanja kitupu chenye majani na kesi. Katikati hapana kitu. Na katikati ndiko tuliko sisi.

Nikisema kesi sifanyi mzaha. Kiwanja cha rahisi siku zote kina wenyewe wengi. Kimoja nilichokipenda, huko nyuma ya Fuoni, kumbe kimekatwa katika eka. Mnazijua eka, zile ekari tatu tatu walizogaiwa wakulima baada ya Mapinduzi, walime. Mzee aliyepewa alilima, akafa, wajukuu wakaanza kukata vipande kama mkate wa kumimina, na kila kipande kina karatasi ya kwa sheha, kiongozi wa mtaa, yenye mihuri na mashahidi wawili. Karatasi nzuri, imeandikwa vizuri, ila ardhi ya Zanzibar ni mali ya umma, unachouziwa ni haki ya kuitumia, na haki hiyo haihami kihalali mpaka ipite Bodi ya Uhaulishaji, ile inayoidhinisha ardhi kutoka mkono mmoja kwenda mwengine. Ukiwauliza wauzaji kuhusu Bodi wanakutazama kama umewatukana.

Kingine kilikuwa cha mirathi. Warithi tisa, saba wametia saini, mmoja yuko Maskati hapokei simu, mmoja ana ugomvi na kaka yake na ameapa haweki saini mpaka siku ya Kiyama. Dalali akaniambia, "Mama, wewe jenga tu, wakikuona umeshahamia watanyamaza." Watanyamaza! Mahakama ya Ardhi imejaa watu walioambiwa hivyo hivyo. Kwetu Pemba ndiyo usiseme, huko unaweza ukanunua kiwanja na minazi iliyomo ikawa ya mtu mwengine kabisa, anakuja kuangua nazi uani kwako na kukusalimia.

Benki? Mwenye kuogopa riba atakimbilia murabaha, ambapo benki inanunua kitu kisha inakuuzia kwa faida mliyokubaliana, na huko nako wanataka dhamana, na dhamana wanayoitaka ni hati, na hati ndiyo hiyo isiyopatikana kwenye viwanja ninavyovimudu. Mduara umefungika.

Sasa nisikilizeni. Ami yangu, Wete, ana nyumba ya vyumba vitano, ukuta wa matofali, bati zima. Hakuinunua na hakuijenga kwa mara moja. Alianza na chumba kimoja na choo cha nje, akaoa humo, akazaa humo. Nyumba ile imekua kwa karafuu. Msimu mzuri unaongeza chumba, msimu mbaya unakaa na ulichonacho. Mwaka 2011, Serikali ilipopandisha bei ya karafuu, ami aliezua makuti yote akapaua bati, na mpaka leo ukikaa barazani kwake atakuonyesha kwa kidole: hiki cha msimu ule, hiki cha msimu ule, huu ukuta niliusitisha mvua ya vuli ilipoharibu mazao. Hana deni la mtu. Hajawahi kukaa nyumba ya kupanga hata siku moja.

Hivyo ndivyo watu wa visiwa hivi wanavyopata nyumba. Si matajiri peke yao, wote. Muuguzi, dereva wa daladala, muuza urojo, polisi. Tunaanza na kidogo, tunaongeza. Mtu anacheza mchezo wa kuchangiana fedha na wenzake, zamu yake ikifika ananunua matofali mia mbili. Akipata malimbikizo, mabati. Kwa nini basi kila mradi wa nyumba unaotangazwa, uwe wa Serikali au wa mtu binafsi, unauza nyumba iliyokwisha kukua? Nani kawaambia tunataka kununua mtu mzima?

Ninachokitaka mimi ni hiki. Pimeni eneo, Tunguu huko au Dole au kokote barabara inakofika. Chongeni njia, wekeni mtaro wa maji ya mvua kabla watu hawajahamia, maana Sebleni tumeona yanayotokea watu wakitangulia na mtaro ukafuata. Vutieni bomba na umeme. Kisha kwenye kila kiwanja jengeni chumba kimoja, choo na jiko, juu ya msingi wa vyumba vitatu. Msingi tu. Nondo ziachwe zimechomoza pale chumba cha pili kitakapoanzia. Mpeni mtu hati yake mkononi, kwa jina lake, na mke wake aandikwe pia. Bei itajwe kwa shilingi. Vilivyobaki tuachieni sisi, mtakuja baada ya miaka kumi mtakuta mtaa.

Wala si ndoto yangu ya usiku. Huko Bara, Dar es Salaam, miaka ya 1970, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, walipima viwanja vyenye huduma Sinza na Kijitonyama, watu wakajijengea wenyewe. Ndiyo, najua, vingi baadaye viliangukia mikononi mwa wenye nazo, na leo mwalimu hanunui kiwanja Sinza. Basi wekeni sharti: asiuze kabla ya miaka kadhaa, na akiuza aiuzie Serikali kwanza. Sheria za kutubana mnazijua kutunga, tungeni na hii.

Na sisi hapa tuna historia yetu. Nyumba za Maendeleo, zile za Michenzani zilizoanza kwenye mpango wa 1968 waliouchora Wajerumani Mashariki, na majumba ya Wete ninayoyakumbuka tangu utotoni, zilikuwa jambo kubwa. Mtu alitolewa kwenye kibanda cha udongo akapewa ghorofa lenye choo cha kuvuta maji. Siwezi kulidharau hilo, shangazi yangu kazeekea mle. Lakini ghorofa haliongezeki. Watoto wakiwa saba, chumba ni kile kile, na ndiyo maana unaona baraza zimezibwa kwa mbao na mabati kila roshani. Watu wanajaribu kukuza kitu ambacho hakikujengwa kikue. Leo hii tukizungumzia nyumba za bei nafuu, tunarudi kule kule kwenye ghorofa, ila sasa lina lifti na bei yake siijui ilikotokea.

Sensa ya 2012 ilituhesabu 1,303,569. Ya 2022, 1,889,773. Karibu laki sita wameongezeka katika miaka kumi, kwenye visiwa ambavyo havijaongezeka hata hatua moja. Hao watalala wapi? Watajenga, kwa ruhusa au bila ruhusa, juu ya mikarafuu, juu ya njia ya maji, juu ya eka ya babu wa mtu. Wanajenga sasa hivi ninavyoandika.

Nilipomweleza mama mkwe wangu fikra hii ya chumba kimoja, aliniangalia kwa huruma. "Chumba kimoja, mwanangu? Na wageni wakija kutoka shamba utawalaza wapi, juu ya msingi?" Akacheka mpaka akafuta machozi kwa ncha ya ushungi. Nikamwambia, mama, sasa hivi nimepanga vyumba viwili Magogoni, mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita mbele na anakataza nisipigilie msumari ukutani. Wageni nawalaza ukumbini. Tofauti ni kwamba ukumbi wenyewe si wangu. Akasema, "Hilo kweli." Kisha akaongeza kuwa jiko lazima liwe na dirisha la kutosha, hawezi kukaanga samaki mahali pasipo na upepo. Kwa hiyo yeye keshakubali, imebaki Serikali.

Mchanga umepanda bei, saruji imepanda, hilo nalo linahitaji makala yake. Wenye kusema tuhamie Pemba ardhi ni nyingi, nitawajibu siku nyengine, kazi yangu iko Unguja.

Wagombea wakija kuomba kura watatuahidi nyumba, kama kawaida, na picha watakazotuonyesha zitakuwa na miti ya kijani na gari nyeupe mlangoni. Mimi nitanyanyua mkono niulize: chumba kimoja, choo, jiko, msingi wa vyumba vitatu, hati yenye jina langu, Tunguu. Shilingi ngapi?