Kabla ya tiketi ya India, zungumza na atakayekupasua

Familia ikishaamua kwamba mgonjwa apelekwe India, kinachofuata ni kundi la WhatsApp la michango. Mweka hazina anateuliwa, ahadi zinaandikwa, anatafutwa mtu wa kushughulikia pasipoti na viza, kisha unazuka mjadala mrefu wa nani amsindikize mgonjwa. Jina la hospitali linajulikana mapema kwa sababu kuna jirani aliyewahi kutibiwa huko. Lakini ukiuliza daktari atakayempasua ni nani, kundi zima linakaa kimya. Wengi wanamwona siku moja kabla ya upasuaji, anapopita wodini na wasaidizi wake, wakati pesa zimeshalipwa na mgonjwa ameshaambiwa asile kitu kuanzia saa sita usiku.

Jambo hili linaniumiza. Mtu anayenunua kiwanja Bunju atamuuliza mjumbe, atawauliza majirani, ataenda ofisi ya ardhi kuhakiki hati, na bado atalala na wasiwasi. Mtu huyo huyo, likija suala la kifua cha mama yake kufunguliwa, anaridhika na picha ya jengo la vioo na ujumbe wa wakala unaosema "daktari wetu ni namba moja Chennai."

Nianze na huyo wakala. Sisemi mawakala wote ni wabaya. Wapo wanaosaidia kweli kupata barua ya mwaliko, kukupokea uwanja wa ndege na kukutafutia chumba karibu na hospitali, na hata mkalimani wa Kiswahili. Lakini ni jambo la kawaida katika biashara hii hospitali kumlipa wakala kamisheni kwa kila mgonjwa anayemleta. Kwa hiyo anapokuchagulia mpasuaji, anaweza kuwa anachagua pale anapolipwa vizuri. Muulize waziwazi: "Nani anakulipa, na kiasi gani?" Akikujibu bila kuzunguka, mtumie kwa viza na malazi. Uchaguzi wa daktari ubaki mikononi mwa familia na daktari wenu wa nyumbani.

Huyo daktari wa nyumbani ndiye tunayemruka kila mara. Tunaona aibu kumwambia tunataka kwenda nje, kana kwamba tunamtukana. Mwambie. Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete ipo tangu 2015 na inafungua vifua hapa hapa Dar es Salaam, na Muhimbili walianza kupandikiza figo mwaka 2017. Mara nyingine mtagundua kwamba safari yenyewe haihitajiki. Na ikihitajika, bingwa wa hapa mara nyingi anawafahamu wenzake wa kule kwa kazi zao: wapo aliosoma nao, wapo waliokuja kufundisha hapa, wapo ambao wagonjwa wao waliorudi na vidonda vibichi yeye mwenyewe amewahudumia. Taarifa hiyo ya mwisho huipati kwenye tovuti yoyote.

Halafu kuna nembo. Hospitali kubwa za India hujivunia ithibati, yaani cheti cha kukidhi viwango, ya JCI, shirika la Marekani, au ya NABH, ambayo ni bodi ya India yenyewe. Ni vizuri ziwe nazo, na ni vizuri zaidi ukaangalia orodha ya taasisi inayotoa ithibati badala ya kuamini nembo iliyobandikwa kwenye tangazo, kwa sababu ithibati ina muda wake na huisha. Lakini ithibati inapima mifumo ya hospitali: usafi, kumbukumbu, utunzaji wa dawa. Haisemi lolote kuhusu mkono wa daktari fulani.

Na mkono una uzito. Mwaka 2003 ulichapishwa Marekani utafiti mkubwa juu ya wazee waliofanyiwa aina nane za upasuaji, nusu wa moyo na mishipa ya damu, nusu wa saratani. Wagonjwa wa wapasuaji wanaofanya upasuaji huo mara kwa mara walikufa kwa kiwango kidogo kuliko wa wale wanaoufanya kwa nadra. La kutilia maanani zaidi ni kwamba kwa aina nyingi za upasuaji, sehemu kubwa ya ubora uliodhaniwa kuwa wa hospitali zenye wagonjwa wengi ulitokana na mpasuaji mwenyewe. Hata ndani ya hospitali nzuri, basi, inabaki tofauti kati ya daktari na daktari.

Kumhakiki hakuhitaji ujuzi wa ajabu. Omba jina lake kamili, namba yake ya usajili na jina la baraza la jimbo lililomsajili. India ina Tume ya Taifa ya Tiba, iliyochukua nafasi ya baraza la zamani mwaka 2020, na rejista yake ya madaktari inatafutika mtandaoni. Soma pia shahada. MBBS ni ya udaktari wa awali. MS au DNB ya upasuaji ni ya ubingwa. MCh ni ya ubingwa wa juu, kama upasuaji wa moyo au wa ubongo. Cheo kama "mkurugenzi" au "mshauri mwandamizi" ni cha ajira, na tuzo ukutani ni tuzo. Vyote viwili visikuzuie kuuliza amesomea nini hasa.

Kisha omba kuzungumza naye kwa video kabla ya kukata tiketi. Hapa ndipo kila kitu kinapojulikana, na hapa ndipo ninapoomba familia zisiwe na haya. Heshima tuliyolelewa nayo mbele ya daktari inatufunga midomo. Tunasema "ndiyo, daktari", "asante, daktari", na simu inakatwa hatujauliza lolote. Mpeni kazi ya kuuliza mmoja wenu mwenye ulimi mwepesi, aandike maswali, asiruke hata moja. Mwaka jana umefanya upasuaji huu huu mara ngapi, si upasuaji kwa jumla? Wangapi walipata matatizo, na yalikuwa yapi? Tukiacha kupasua, nini kitatokea? Kisu utashika wewe au msaidizi wako? Swali hilo la mwisho ni halali kabisa, kwa sababu hospitali kubwa nyingi zina madaktari walio mafunzoni, na mwanafunzi hujifunza kwa kufanya. Jibu lake liandikwe kwenye fomu ya ridhaa, kwa jina.

Mjomba wangu ana matatizo ya mgongo. Tulituma ripoti ya picha zake za MRI sehemu mbili. Ya kwanza walijibu haraka sana kwa kadirio la gharama na tarehe ya upasuaji, bila swali hata moja. Daktari wa pili alikataa kusema lolote kwa kutumia ripoti. Alitaka picha zenyewe. Alipoziona akaomba kuzungumza na mgonjwa.

"Mzee, unatembea umbali gani kabla maumivu hayajakusimamisha?"

"Nafika msikitini," mjomba akajibu kupitia mkalimani, "lakini kurudi natumia bodaboda."

Akamuuliza kuhusu haja ndogo, ganzi ya miguu, na mazoezi ya viungo aliyowahi kupewa. Mwishoni akasema hapendekezi upasuaji kwa sasa, aanze mazoezi nyumbani, na akataja dalili ambazo zikitokea asisubiri hata siku moja: mguu kupoteza nguvu, mkojo kumponyoka. Aliyeacha kutuuzia ndiye niliyemwamini. Siku mjomba akilazimika kupasuliwa, nitampigia yeye.

Video za wagonjwa wenye furaha sizipi uzito mkubwa. Wale watu hawadanganyi. Wanashukuru kwa dhati. Tatizo ni siku ilipopigwa picha. Wataalamu wa maambukizi hufuatilia kidonda cha upasuaji kwa siku 30, na hadi 90 kama kimewekwa kifaa mwilini, kwa sababu usaha unaweza kujitokeza baada ya mtu kurudi kwake. Video inapigwa mgonjwa akiwa bado na bendeji ya hospitali. Tafuteni aliyepasuliwa na daktari huyo mwaka mmoja au miwili iliyopita, mkazungumze naye ana kwa ana.

Swali jingine ninalolipenda ni kama timu yake hutumia orodha ya usalama ya Shirika la Afya Duniani, ile ya 2008 ambayo kila mtu chumbani anasimama kuthibitisha jina la mgonjwa, sehemu ya kupasua, mzio na idadi ya vifaa. Ilijaribiwa kwenye hospitali za miji minane, New Delhi ukiwemo na Ifakara yetu ikiwemo. Vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Daktari anayeliona swali hili la kitoto, mimi nitamuaga.

Kwa figo nitasema machache. Sheria ya India ya kupandikiza viungo ni ya 1994, imerekebishwa 2011, na hairuhusu biashara. Mgeni anatakiwa kwenda na mtoaji wake, undugu wao uthibitishwe kwa nyaraka na ubalozi, na kamati maalumu iridhie. Raia wa India aliye hai hawezi kumtolea mgeni figo isipokuwa ni ndugu yake wa karibu. Mtu akikwambia "njoo tu, figo ipo", usiendelee hata na mazungumzo.

Kuna jambo ambalo daktari mwaminifu hulizungumza mwenyewe bila kuulizwa: baada ya kurudi. Atakwambia ukae siku ngapi kabla ya kupanda ndege, kwa sababu safari ndefu ya kukaa baada ya upasuaji huongeza hatari ya damu kuganda miguuni. Mamlaka za afya za Marekani hushauri kusubiri angalau siku 10 baada ya upasuaji wa kifua au tumbo. Kwa hiyo bajeti ya michango ihesabu chumba na chakula cha siku hizo, na za wasindikizaji. Atakubali pia kuzungumza na daktari wenu wa huku, kwa jina na kwa simu. Akisema hana muda wa hilo, mgonjwa atarudi kwa nani kidonda kikifumuka Mbagala saa nane usiku? Na ulizeni kwa maandishi nani atalipa mkilazimika kurudi kurekebishwa.

Mkirudi, mwambieni daktari wa hapa mgonjwa alilazwa wapi. Kimeng'enya kiitwacho NDM-1, kinachowafanya bakteria washinde dawa nzito, kiligunduliwa kwa mgonjwa wa Sweden aliyewahi kulazwa New Delhi, mwaka 2008. Taarifa hiyo inaweza kubadilisha dawa atakayopewa.

Nyaraka dai kabla ya kulipa bili ya mwisho: muhtasari wa matibabu, maelezo ya upasuaji wenyewe yaliyosainiwa na aliyepasua, picha kwenye diski, majibu ya nyama iliyopimwa. Na kama kuna nyonga bandia, valvu ya moyo au chuma chochote, dai stika yake yenye jina la mtengenezaji na namba ya toleo. Mwaka 2010 nyonga bandia za ASR za kampuni ya DePuy ziliondolewa sokoni duniani kote kwa sababu zilikuwa zikiharibika mapema, na India kwenyewe maelfu ya waliowekewa hawakupatikana ili waambiwe. Piga picha stika hiyo, itume kwa watoto wote, na ya karatasi iwekwe pamoja na cheti cha kuzaliwa cha mgonjwa.