Maili za ndege: kadi ya muungano au kadi ya shirika moja?

Msafiri anayeanzia Dar es Salaam au Nairobi kwenda Guangzhou, London au Washington mara nyingi hupitia Addis Ababa, Dubai, Doha au Istanbul. Kila kituo kina shirika lake, na kila shirika lina mpango wa kumzawadia abiria anayerudi: Ethiopian ina ShebaMiles, Emirates ina Skywards, Qatar Airways ina Privilege Club, Turkish ina Miles&Smiles. Nairobi ipo pia Kenya Airways, ambayo baada ya miaka mingi ndani ya Flying Blue ya Air France na KLM imeanzisha mpango wake yenyewe, Asante Rewards. Kujiunga ni bure kote, ndiyo maana watu hujiandikisha kila mahali na kuishia na akaunti tano zenye maili, yaani pointi za zawadi, chache chache, zisizonunua kitu.

Kabla ya kuuliza nani ana zawadi kubwa, ningemshauri msafiri aulize kama kadi yake itatambulika siku atakayopanda ndege ya shirika jingine. Hapo ndipo mipango hii inapotengana. Baadhi ya mashirika yamo katika miungano ambamo kadi ya shirika moja hutambuliwa na wenzake: Ethiopian imo katika muungano wa Star Alliance tangu 2011 na Turkish tangu 2008. Mfanyabiashara wa Kariakoo anayepita Addis safari hii na Istanbul safari ijayo, kwa kufuata nauli iliyo nafuu, anaweza kuingiza maili zote kwenye akaunti moja. Akifika Marekani na kuunganisha na United, bado yumo katika muungano huo huo. Kenya Airways iliingia muungano wa SkyTeam mwaka 2010, hivyo abiria wake ana KLM Amsterdam na Delta New York. Qatar ilijiunga na muungano wa oneworld mwaka 2013, na tangu 2022 inatumia Avios, pointi zinazohamishika kati yake na British Airways, Iberia na Finnair. Emirates haimo katika muungano wowote. Ina mashirika rafiki, lakini hadhi ya Skywards, yaani ngazi ya mwanachama, hujengwa hasa kwa kupanda ndege za Emirates na flydubai.

Nasisitiza hadhi kwa sababu kwa wasafiri wengi wa kwetu faida kubwa haiko kwenye tiketi ya bure. Iko kwenye mzigo. Mwenye hadhi ya Gold ya Star Alliance huongezewa kilo 20 pale mizigo inapopimwa kwa uzito, au begi moja zaidi pale inapohesabiwa kwa idadi, hata kama amekata tiketi ya daraja la kawaida. Anayeleta nguo au vipuri anajua bei ya begi la ziada kwenye kaunta. Begi hilo likipatikana katika kila safari ya mwaka mzima, thamani yake inaweza kuipita tiketi ya zawadi, ambayo nayo huja na kodi na tozo za kulipa kwa fedha taslimu.

Kwa hoja hiyo naiweka kadi ya muungano mbele. Lakini Skywards ina hoja ambayo si haki kuiruka: unaweza kupanda ngazi kwa idadi ya ndege ulizopanda. Ngazi ya Silver inataka maili za hadhi (zinazohesabiwa kwa kupanda ngazi) 25,000 au ndege 25, na Gold maili 50,000 au ndege 50. Kwenda na kurudi kati ya Dar na Guangzhou kupitia Dubai ni ndege nne. Safari sita zinakufikisha 24, na ya saba inakuvusha, hata kama kila mara ulinunua tiketi ya bei ya chini inayoleta maili kidogo.

Na tiketi ya bei ya chini ndiyo kiini cha matatizo. Kutoka Dar hadi Guangzhou kupitia Addis, kwenda na kurudi, ni zaidi ya maili 12,000 za angani. Safari nne kwa mwaka zingekaribia 49,000. Ila mipango inayohesabu umbali huangalia pia aina ya nauli. Nauli za chini kabisa mara nyingi hupewa nusu ya umbali au robo, na nyingine hazipewi kitu. Kwa nusu, safari zile zile nne zinashuka hadi takriban 24,000. Mtu asiyesoma herufi ya daraja la nauli kwenye tiketi yake anaweza kuhesabu kwa mwaka mzima maili ambazo hazitaingia.

Mfumo wa pili ni mgumu zaidi kwa mnunuzi wa nauli nafuu. Tangu 2018 Flying Blue inahesabu fedha uliyotumia: mwanachama wa ngazi ya chini hupata maili 4 kwa kila euro, na wa Platinum hupata 8. Mashirika makubwa ya Marekani yalishapita njia hiyo mwaka 2015 na 2016. Watetezi wake wanasema ni haki anayelipa zaidi apate zaidi, na kibiashara sina la kuwapinga. Ninachoona ni kwamba anayelipiwa na ofisi tiketi ya daraja la biashara anajaza akaunti yake binafsi kwa fedha isiyo yake, huku anayejilipia akibaki chini. Ujerumani mwaka 2002 jambo hili liliwaondoa wanasiasa kwenye nafasi zao, akiwemo Gregor Gysi, kwa kutumia binafsi maili za safari za kikazi. Kwetu ningependa liulizwe bungeni.

Ushauri mwingi ulioko mtandaoni umeandikwa kwa ajili ya Wamarekani, na kuufuata huku ni hasara. Kule maili nyingi hutoka kwenye kadi za mkopo. Benki huzinunua kwa wingi kutoka kwa mashirika na kuwagawia wateja wanaponunua hata mkate. Biashara hiyo ni kubwa kiasi kwamba mwaka 2020, ndege zikiwa zimelala chini kwa sababu ya korona, United ilikopa dola bilioni 6.8 kwa dhamana ya mpango wake wa maili. Huku tunalipa kwa simu au taslimu, kwa hiyo maili zetu hutoka angani tu, na hilo linafanya muda wa kuisha kwake uwe jambo zito. Za Skywards hudumu miaka mitatu. Za Qatar haziishi mradi akaunti iwe na mwendo wowote ndani ya miezi 36, na hapo Qatar inamfaa zaidi asafiriye kwa nadra.

Kuna kundi moja ambalo kwalo nageuza uamuzi wangu: familia inayoishi Muscat, Dubai au Birmingham na kuja nyumbani likizo, wazazi na watoto pamoja. Skywards inaruhusu jamaa hadi wanane kukusanya maili zao zote kwenye akaunti moja. Watu watano wakisafiri pamoja, maili ambazo zingekufa zikiwa zimetawanyika zinaweza kutosha tiketi ya mmoja wao. Familia hiyo isajili kila mtoto kabla ya kukata tiketi, na izitumie maili hizo kabla mwaka wa tatu haujakwisha, maana shirika linaweza kupandisha bei ya tiketi ya zawadi wakati wowote bila kumuuliza mwanachama.