Teremka tukaze

Saa kumi na mbili asubuhi Moshi kuna kaubaridi, kwa hiyo ukikimbia na sweta kiunoni hakuna wa kukuuliza. Mimi nimekimbia nalo hivyo miezi mitano, na baridi haikuhusika hata kidogo.

Nilikuwa ndiyo kwanza nimerudi kwenye mchakamchaka wetu wa Jumamosi, mtoto wangu wa pili ana miezi minne. Huwa tunaanzia Shanty Town, tunapandisha barabara ya Mweka mpaka pumzi zikatike, halafu tunageuza. Wenzangu wote wanauogopa mlima. Mimi mlima niliupanda vizuri, mashaka yakanikuta kwenye kushuka. Kila mguu ulipotua, tone la mkojo. Nikabana, nikafupisha hatua, nikajifanya nafunga kamba za kiatu. Tunafika chini, taiti yangu ya kijivu ilikuwa imebadilika rangi mapajani. Dada mmoja wa kikundi akavua sweta lake, akanifunga kiunoni bila neno. Baadaye kwenye chai ndiyo akaninong'oneza: "Na mimi pia, mwaka wa sita huu. Vaa nyeusi."

Vaa nyeusi! Huo ndio ushauri wa kwanza niliopewa na mtu yeyote juu ya jambo hili.

Na si kwamba sikutunzwa. Uchagani mzazi anatunzwa jamani, nisije nikaonekana sina shukrani. Mtori nilikunywa mpaka nikauota usingizini. Mama mkwe alinifunga tumbo kwa kanga kila asubuhi, akikaza kama anafunga mzigo wa majani ya ng'ombe. Lakini macho yote yalikuwa kwenye maziwa na tumbo. Kliniki ya siku ya 42 mtoto akapimwa uzito, mimi nikapimwa presha na kuulizwa uzazi wa mpango, nikaruhusiwa. Hakuna aliyesema, "Mama, ukikohoa mkojo unakutoka?" Sekunde tano tu. Hilo ndilo ninalolilalamikia, maana tatizo lenyewe ni la kawaida mno: takribani mama mmoja kati ya watatu hulipata baada ya kujifungua. Waliopasuliwa nao wamo, ingawa ni wachache zaidi, kwa kuwa ile mimba yenyewe ni mzigo tosha.

Mtaalamu wa fiziotherapia, yaani tiba ya viungo kwa mazoezi, ndiye aliyenifumbua macho. (Tunaishi mji ambao wataalamu hao wanasomea hapa hapa, kwenye hospitali ya KCMC, na mimi nilikuwa naomba ushauri kwenye chai.) Kibofu, kizazi na utumbo vimelala juu ya misuli iliyotandazwa chini ya nyonga. Nikakumbuka kitanda cha bibi cha kamba, kile cha teremka tukaze: kikilalwa siku nyingi kinabonyea, lazima mtu ashuke kamba zikazwe. Misuli yangu ililaliwa miezi tisa, kisha ikapitisha mtoto, na sasa naishushia mteremko wa Mweka, ambako kila hatua inatua na uzito kama mara mbili ya mwili wangu. Na mkanda wa tumbo ukikazwa kupita kiasi hauikazi misuli hiyo, unaizidishia mzigo kwa juu.

Akaniambia nibane. Nikajibu nabana kila siku. Akaweka mkono chini ya kitovu changu, akasema, "Bana nione." Kumbe nilikuwa nasukuma! Inatakiwa uvute kwenda juu, kama unayezuia mkojo na upepo kwa pamoja, makalio yametulia, pumzi inaendelea. Unabana mara 8 kwa mkupuo, mikupuo 3 kila siku, kwa miezi 3 bila kukata tamaa. Na ukihisi chafya inakuja, bana kwanza.

Nilikuwa na makosa mengine. Kabla ya kukimbia nilikuwa nakwenda chooni mara tatu na maji sinywi, nikidhani nimekiweza kibofu; kumbe nakizoesha kudai hata kikiwa na kidogo, na mkojo mzito unakichokoza zaidi. Kahawa ya alfajiri nimeipunguza kwa uchungu mkubwa, mimi mtoto wa mkulima wa kahawa.

Nina ugomvi na makocha wanaorushisha kamba mama wa miezi miwili. Wataalamu wa Uingereza waliandika mwongozo mwaka 2019: kukimbia kusubiri angalau wiki 12. Ugomvi mwingine ni na wanaosema "ndiyo uzazi huo, acha mbio". Nyumbani tulivyo, presha na sukari zimejaa, mnaniambia nikae?

Wengi hunyamaza wakiogopa kuitwa wagonjwa wa fistula. Fistula ni tundu, mkojo hutiririka usiku na mchana hata umelala, na mara nyingi huhitaji upasuaji. Huu wetu hutoka ukiruka, ukicheka, ukikohoa. Lakini vyote viwili ni vya kupeleka hospitali, si vya kufunikwa na sweta.

Mwisho wa Februari, Kilimanjaro Marathon, nimejiandikisha kilomita 21. Nimepungua kuvuja ila sijapona kabisa, kwa hiyo pedi nitaweka, na mteremko mkali nitautembea, anayetaka kunipita anipite. Sweta la yule dada bado ninalo. Juzi nilimpelekea, akasema kaa nalo, yeye ameanza kwenda fiziotherapia Jumanne.