Haydn Hakuwa Anachekesha

Simfonia namba 45, utungo wa okestra wa mtunzi Joseph Haydn, ile iitwayo ya Kuaga, kila ikipigwa watu hucheka mwishoni. Mpiga obo na mpiga honi, wote wa ala za kupuliza, wanainuka, wanazima taa zao, wanatoka. Halafu mwingine. Na mwingine. Ukumbi mzima kicheko. Mimi kicheko hicho kinaniudhi, kwa sababu ile ilikuwa barua ya kuomba likizo.

Mwaka 1772 Haydn alikuwa na miaka 40, mkuu wa okestra ya Nikolaus Esterházy, kabaila tajiri wa Hungaria. Mkuu, lakini mtumishi vilevile. Mkataba aliotia saini 1761 ulimtaka avae sare na soksi nyeupe, ahudhurie kila siku kusikiliza bwana anataka muziki gani, na tungo zake ziwe mali ya bwana wake.

Nikolaus naye alikuwa amejijengea kasri la fahari, Eszterháza, katikati ya vinamasi, na akishafika huko habanduki. Wanamuziki walimfuata kila kiangazi. Wengi wao walikatazwa kuja na wake zao, wakawaacha nyumbani, mjini Eisenstadt. Mwaka ule kiangazi kikapita, bwana hana habari ya kurudi. Wakamlilia Haydn.

Angesema nini? Kumwambia bwana wazi ni kujitafutia balaa. Akasema kwa fumbo, na fumbo lenyewe halianzi kwa mzaha hata kidogo. Sikiliza sehemu ya kwanza: ni hasira tupu, tena katika ufunguo wa muziki (ngazi ya sauti) uliokuwa adimu mno kwa simfonia za wakati ule. Anayecheka mwishoni nadhani alisinzia mwanzoni.

Mwisho unaanza kwa kasi, unakatika ghafla, unaingia muziki wa taratibu. Hapo ndipo wapigaji walipoanza kuondoka mmoja mmoja, kila mtu akizima mshumaa wake, hadi zikabaki violini mbili zikinong'ona: ya Haydn na ya Luigi Tomasini, kipenzi cha bwana. Ujanja mtupu, nani angemkaripia Tomasini?

Kwa masimulizi ya Haydn mwenyewe uzeeni, bwana alielewa, na kesho yake msafara ukaanza kufunga mizigo. Wanaume wakarudi kwa wake zao. Haydn aliendelea na sare yake miaka 18 mingine, mpaka Nikolaus alipofariki mwaka 1790, ndipo akapata nafasi ya kwenda London.