Msiliruke lile tope

Ukionyeshwa ukuta wa jiwe la mchanga wenye kimo cha mita 100, akili huanza yenyewe kupiga hesabu ya mamilioni ya miaka: chembe baada ya chembe, karne baada ya karne. Kwa mchanga uliotulia kwenye kilindi cha bahari, hesabu hiyo haisimami. Mchanga ni mzito; ukimwagwa na mto, mwingi hutua karibu na pwani. Ukiukuta mrundo wa mchanga kilomita 4 chini ya maji, ujue kuna kilichousukuma hadi huko, na kilipita mbio.

Kilichousukuma ni mkondo wa tope. Mashapo yaliyorundikana ukingoni mwa bara hutikiswa na tetemeko, au mto uliofurika huyazidishia mzigo, nayo huporomoka na kuvurugika na maji. Mchanganyiko huo ni mzito kuliko maji safi, hivyo hushuka mteremko ukifuata makorongo ya chini ya bahari. Mkondo wenye nguvu hukwangua sakafu, huzoa mchanga zaidi, huzidi uzito, na uzito huo huuongezea kasi.

Ushahidi ninaoupenda zaidi ulitoka kwenye nyaya za telegrafu zilizolazwa chini ya bahari. Tarehe 18 Novemba 1929 tetemeko lilipiga eneo la Grand Banks, kusini mwa Newfoundland, Kanada. Nyaya zilizokuwa karibu zilikatika papo hapo. Za mbali zaidi zikafuata moja baada ya nyingine, kwa mpangilio wa umbali kuelekea kilindini, ya mwisho ikikatika zaidi ya saa 13 baadaye. Tetemeko gani hilo la kungoja saa 13? Na bado ilibidi kusubiri hadi 1952 ndipo watafiti wa bahari Bruce Heezen na Maurice Ewing walipoeleza kuwa mkosaji alikuwa mkondo wa tope. Kwa kuwa wakati wa kukatika kwa kila waya ulikuwa umeandikwa, kasi yake iliweza kukokotolewa. Mwaka 2020, mwezi Januari, mkondo mwingine ulishuka korongo la Kongo, lililo chini ya bahari, na kusafiri zaidi ya kilomita 1,100, ukikata nyaya za mawasiliano njiani. Kilindi kimya kiko wapi hapo?

Ndani ya mfereji unaopitisha mikondo hii chini ya bahari, mchanga mzito hubaki chini huku tope laini la juu likifurika kingo na kuziinua. Ndiyo maana mchanga wa mifereji hupatikana kwa vipande vyembamba vilivyobebana, vyenye chembe kubwa. Mfereji unapokwisha, kuta hazipo tena na mteremko umelala. Mkondo husambaa, kasi hupungua, mchanga huachwa umetandazwa kama mkeka. Huo mtandazo ndio lobu. Lobu ikishapanda, huwa kilima kidogo, na mkondo ujao hukikwepa na kutafuta bonde la pembeni. Basi lobu hubadilishana nafasi, na ramani yake haifanani hata kidogo na ile feni safi, yaani umbo la upepeo uliokunjuliwa, inayochorwa vitabuni.

Sasa sogea karibu na tabaka moja. Chini kabisa utaona alama za mikwaruzo, nyingine kama vijiko vilivyogandamizwa. Ncha yake nene na yenye kina inaelekea kule mkondo ulikotoka. Juu yake mchanga mkubwa, kisha mistari iliyonyooka, kisha viwimbi vidogo, kisha vumbi laini, na mwisho tope. Mwanajiolojia Arnold Bouma aliupanga mfuatano huu mwaka 1962, baada ya kuchunguza miamba ya Annot, Ufaransa. Matabaka mengi hayana sehemu zote tano, jambo ambalo wanafunzi wengi hulisahau.

Hapo ndipo penye ugomvi wangu. Mchanga wote wa tabaka hilo unaweza kuwa ulitua kwa saa chache. Tope la juu, lenye unene wa kidole, laweza kubeba mamia ya miaka au zaidi, kwa sababu mashapo laini yanayonyesha kilindini hujenga sentimita chache tu kwa miaka 1,000, na mbali na bara ni pungufu ya hapo. Lakini wachimbaji wa mafuta na gesi huutolea macho mchanga, nalo tope huandikwa mstari mmoja. Hata kwa faida ya mfuko hilo ni kosa: tope hilohilo, likitandaa bila kukatika, laweza kutenganisha lobu mbili hata gesi ya moja isifike kwenye kisima cha nyingine.

Na tope lenyewe si la aina moja. Sehemu yake ni mkia wa mkondo, iliyotua muda mfupi baada ya mchanga. Nyingine ni mvua ya polepole, yenye magamba ya viumbe wadogo walioishi juu na vishimo vya minyoo waliopata muda wa kuchimba. Kwa macho matupu zote ni kijivu. Anayetaka kujua mwamba ule ulichukua muda gani itabidi achukue lenzi na aanzie hapo.