Tsuba haitaki keekee

Tsuba ni kile kibamba kinachokaa kati ya mpini na bapa la upanga wa Kijapani. Nyingi zina upana wa sentimita 7 hadi 8. Katikati kuna tundu la kupitishia msuka, yaani shina la bapa linaloingia kwenye mpini, na ubavuni mara nyingi huwa na matundu mengine ya kisu kidogo na pini ya nywele. Serikali ya Meiji ilipowakataza raia kutembea na panga, Machi 1876, tsuba kwa maelfu ziliuzwa peke yake. Hadi leo wapo wanaozitoboa na kuzichomelea ziwe bizimu za mikanda. Hilo ni uharibifu, wala halina haja.

Mafundi wa zamani walishatuonyesha njia. Tsuba ikihamishiwa upanga wenye msuka mwembamba, waligonga kingo za tundu kwa tindo ili chuma kisogee ndani, au wakapachika vipande vya shaba nyekundu juu na chini. Shaba ni laini, haiukwaruzi msuka, na hung'oka ikihitajika. Ukiviona vipande hivyo, viache. Ndiyo historia ya tsuba yenyewe.

Rangi ile ya kahawia iliyokolea hadi weusi ni kutu iliyotulia, iliyokuzwa makusudi, nayo hukilinda chuma. Msasa na brashi ya waya huiondoa kwa dakika chache. Tindikali ni mbaya zaidi: hujificha kwenye vishimo, kisha kutu nyekundu hurudi kwa kasi. Moto wa kuchomelea nao huiunguza rangi hiyo.

Kutu nyekundu itoe kwa kipande cha mfupa au pembe ya kulungu kilichochongwa ncha. Weka tone la mafuta mepesi, subiri, sugua hiyo nyekundu tu, kisha futa kwa kitambaa cha pamba hadi kisitoke tena na wekundu. Palipo na dhahabu au fedha usisugue kabisa: mara nyingi ni karatasi nyembamba ya madini iliyoshikizwa juu ya mikwaruzo, ikiinuka ukingo mmoja hubanduka yote.

Ukitaka kuivaa, pitisha uzi wa hariri kwenye tundu lililopo. Kamba ya ngozi hushika jasho, na jasho lina chumvi. Kwa ukutani, kigingi cha mbao kilichochongwa kikae kwa ulegevu kinatosha. Kikibana, unyevu ukikivimbisha kitang'oa zile shaba.